Sifa ya Masomo na Maisha ya Pati: Namna ya Kukipima Chuo Kidogo cha Marekani Kabla ya Kukubali Nafasi

Barua za kukubaliwa zikishafika, familia nyingi hufungua orodha ya U.S. News, kampuni ya habari inayovipanga vyuo kwa ubora kila mwaka, huangalia chuo kipi kiko juu, na mjadala unafungwa hapo hapo. Mwezi wa Oktoba ndipo simu za usiku zinapoanza. Mmoja analalamika kwamba kila wikiendi ni pombe na hana pa kwenda. Mwingine anasoma mpaka saa tisa usiku na bado yuko nyuma. Mambo yote mawili yangeweza kuonekana mapema, mwezi Aprili, kwa kusoma karatasi ambazo vyuo vyenyewe vinazitoa bure.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa Afrika Mashariki na wazazi wao, pamoja na familia zetu zilizohamia Marekani, wenye nafasi kwenye vyuo vidogo vya sanaa huria (liberal arts, si sanaa tu bali na sayansi): Williams, Swarthmore, Grinnell, Carleton, Kenyon, Macalester na wenzao. Ni vyuo vya shahada ya kwanza, vyenye wanafunzi kati ya 1,400 na 3,000 hivi, na wengi wao hulala chuoni miaka yote minne. Kwetu havijulikani sana, ingawa Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961, na vijana wengi wanaopita UWC East Africa, shule ya kimataifa pale Moshi na Arusha, huishia huko kwa ufadhili wa Davis, mfuko unaowasaidia wahitimu wa shule za UWC.

Kwenye chuo kikuu cha watu 40,000 unaweza kujitengenezea dunia yako. Kwenye chuo cha watu 1,700, unayefanya naye maabara ya kemia Jumatatu ndiye uliyemkuta Jumamosi usiku ameketi kwenye ngazi za bweni hajiwezi. Wanaosoma na wanaokunywa ni watu walewale. Ndiyo maana siamini mgawanyo wa "chuo cha wasomi" na "chuo cha starehe", na maswali yangu ni mawili tu: asiyetaka kunywa ana pa kwenda Ijumaa usiku? Na anayetaka kusoma fani yake ana walimu wa kutosha Jumatatu asubuhi?

Hatua ya 1: Hesabu pati inakugharimu nini wewe

Sheria ya mwaka 1984 iliyabana majimbo yote yaweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Kwa hiyo karibu wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza na wa pili hawaruhusiwi hata bia moja. Wanakunywa hata hivyo, ila kwa kujificha: vyumbani, haraka haraka, pombe kali kabla ya kutoka. Hatari yenyewe iko hapo zaidi kuliko kwenye ukumbi wa muziki.

Mwenzako wa chumba aliyezaliwa Connecticut akikutwa na bia ataandikiwa barua, atahudhuria kozi fupi, yameisha. Wewe mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hesabu yako ni nyingine. Kukamatwa ukiendesha gari umelewa kunaweza kusababisha viza ifutwe hata kabla mahakama haijatoa hukumu. Bangi ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu majimbo kama Massachusetts, Maine, Vermont, Minnesota, Oregon na California yameihalalisha, na inauzwa dukani kwa risiti. Kwa sheria ya shirikisho bado ni dawa ya kulevya, na uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho. Kukiri tu mbele ya afisa kwamba uliwahi kuvuta kunaweza kukufungia mlango. Halafu chuo kikikusimamisha masomo kwa utovu wa nidhamu, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, hufungwa na huna tena haki ya kubaki nchini kama mwanafunzi.

Mzazi, sisemi haya ili umtishe mtoto. Nasema kwa sababu chuo ambacho ni rahisi kusema "hapana" kina thamani kubwa kwa mtoto wako kuliko kwa mtoto wa Boston, na thamani hiyo haiandikwi kwenye orodha yoyote.

Hatua ya 2: Ivunje sifa ya masomo vipande vipande

Asilimia 20 ya alama za U.S. News hutokana na maoni: marais wa vyuo, makamu wao wa taaluma na wakuu wa udahili huvipa vyuo vingine alama kuanzia 1 hadi 5. Rais wa chuo cha Maine anampa alama mwenzake wa Iowa ambaye huenda hajawahi kukanyaga kwake. Reed, cha Portland, Oregon, kiliacha kupeleka takwimu zake kwa U.S. News tangu 1995, na kwa miaka mingi kikawa kinashushwa chini kwenye orodha. Wakati huohuo Reed, pamoja na Swarthmore, Carleton na Grinnell, ni kati ya vyuo ambavyo sehemu kubwa ya wahitimu wake, kwa uwiano, huendelea hadi shahada ya uzamivu. Ukitaka kuwa mtafiti, takwimu hiyo ina uzito kuliko tofauti ya nafasi kumi kwenye orodha. Hutolewa na National Science Foundation.

Kisha tafuta waraka uitwao Common Data Set wa kila chuo. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye Google. Muundo wake ni mmoja kwa vyuo vyote, hivyo unaweza kuviweka viwili sambamba. Sehemu B ina asilimia ya wanaorudi mwaka wa pili na wanaohitimu. Sehemu H ina msaada wa fedha, ukiwemo wa wageni. Sehemu I ina ukubwa wa madarasa. Ukiona chuo kidogo ambacho mwanafunzi mmoja kati ya saba harudi mwaka wa pili, uliza kwa nini kabla hujaendelea.

Kazi yenyewe iko kwenye ratiba. Usiishie kwenye kitabu cha kozi, kwa sababu kitabu cha kozi huorodhesha hata masomo ambayo mwalimu wake alistaafu. Fungua ratiba ya muhula huu na ya muhula uliopita, ambazo vyuo vingi huziweka wazi kwenye tovuti ya ofisi ya msajili. Idara ya fizikia au ya uchumi kwenye chuo kidogo inaweza kuwa na walimu watano au sita, na kila mwaka mmoja wao yuko kwenye likizo ya utafiti. Hesabu masomo ya ngazi ya juu, yale yenye namba za 300 kwenda mbele, yaliyofundishwa kweli. Ukikuta mawili tu kwa mwaka, ujue mwaka wa nne utachukua kilichopo, si unachokitaka. Ukitaka uhandisi, kuwa mwangalifu zaidi: Swarthmore, Smith na Harvey Mudd wanao, lakini vyuo vingi vya aina hii hutoa mpango wa miaka mitatu kwao na miwili kwenye chuo kingine, na msaada wa fedha wa ile miwili mara nyingi ni mazungumzo mapya kabisa.

Ukiwa hapohapo kwenye ratiba, angalia Ijumaa asubuhi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wanafunzi wenye darasa la mapema Ijumaa hunywa kidogo Alhamisi usiku. Chuo ambacho ratiba yake imekauka siku hiyo kimeanza wikiendi Alhamisi, hata kama kitabu chake cha picha kimejaa maktaba.

Usisahau upande wa pili. Chuo chenye pati chache hakina lazima ya kuwa na utulivu. Kuna sehemu ambako kukesha kwenye maktaba ndiyo sifa, na watu hushindana kwa kutolala. Vyuo vyenyewe vinalijua hilo: Swarthmore muhula wa kwanza hawatoi alama za herufi, unafaulu au hufaulu basi. Reed hakipeleki alama kwa mwanafunzi aliyefaulu vizuri mpaka aziombe. Carleton ina mihula mitatu ya wiki kumi, na wiki kumi zinakwenda mbio. Ukiugua wiki moja umepoteza sehemu ya kumi ya muhula.

Hatua ya 3: Soma ripoti ya usalama kama mkaguzi

Hii ndiyo hatua ambayo watu hawaijui. Mwaka 1986 msichana aitwaye Jeanne Clery aliuawa ndani ya bweni lake katika chuo kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walipigana mpaka ikapitishwa sheria ya mwaka 1990 ambayo leo inabeba jina lake. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kitoe, kabla ya tarehe 1 Oktoba, ripoti yenye takwimu za miaka mitatu. Andika jina la chuo na "Annual Security Report". Ni faili la kurasa nyingi, za mwanzo zikiwa maneno ya kisheria. Shuka mpaka kwenye majedwali.

Utakuta mistari ya ukiukaji wa sheria za pombe na za dawa za kulevya, kila mmoja ukiwa na aina mbili: waliokamatwa na polisi, na waliopelekwa kwenye nidhamu ya chuo. Kwenye vyuo vidogo waliokamatwa huwa wachache sana. Angalia waliopelekwa kwenye nidhamu. Safu za mahali nazo zina mtego wake: "mabwenini" ni sehemu ya "ndani ya chuo", kwa hiyo usizijumlishe, utahesabu watu walewale mara mbili.

Sasa gawanya. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, chuo A kina wanafunzi 1,700 na waliopelekwa nidhamu kwa pombe ni 85: hao ni 50 kwa kila 1,000. Chuo B kina wanafunzi 3,000 na 90: ni 30 kwa kila 1,000. Je, A ni walevi zaidi? Huenda. Huenda pia A ina walinzi wanaoandika kila kopo na B inafumba macho. Linganisha miaka mitatu. Namba ikiruka ghafla mwaka mmoja, mara nyingi aliyebadilika ni mkuu wa wanafunzi, wanywaji ni walewale. Kumbuka vilevile kwamba ripoti huhesabu uvunjaji wa sheria ya nchi tu. Mtu wa miaka 22 anayekunywa mahali ambapo chuo kimekataza pombe hatokei humo.

Mstari wa ubakaji ndio mgumu kuusoma. Chuo cha wanafunzi 2,000 kinachoandika sifuri miaka mitatu mfululizo hakinipi amani. Kinanifanya niulize kama wasichana wa pale wanamwamini mtu yeyote kiasi cha kuripoti. Namba ndogo isiyo sifuri, pamoja na ofisi yenye jina la mtu na namba ya simu ya saa ishirini na nne, huniridhisha zaidi.

Hatua ya 4: Jua Jumamosi ni ya nani

Kila chuo kidogo kina wenyewe wa wikiendi, na wanaweza kuwa wa aina tatu.

Kwanza ni fratiniti na sororiti, vyama vya wavulana na vya wasichana vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Williams ilianza kuviondoa miaka ya 1960, Colby ilivifuta 1984, Bowdoin iliamua 1997, na vya Swarthmore vilivunjika 2019. Grinnell haijawahi kuwa navyo. Kenyon, Hamilton na Colgate bado wanavyo. Sehemu F ya Common Data Set huonyesha asilimia ya wavulana na wasichana waliojiunga. Ikiwa chini ya kumi, unaweza kuishi miaka minne bila kuvigusa. Ikifika thelathini au zaidi, wao ndio wanaomiliki kumbi, muziki na orodha ya walioalikwa.

Pili ni timu za michezo. Vyuo hivi karibu vyote viko Divisheni ya Tatu ya michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa michezo, lakini kwenye baadhi yao mwanafunzi mmoja kati ya watatu yuko kwenye timu ya chuo. Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti ya takwimu za michezo ambayo huonyesha idadi ya wachezaji kwa kila chuo. Igawanye kwa idadi ya wanafunzi. Wachezaji hula pamoja na hufanya pati pamoja. Palipo na theluthi yao, kuna kama chuo ndani ya chuo, na mtu kutoka Singida au Eldoret asiyecheza chochote hukitazama kutoka nje. Isipokuwa akiwa mkimbiaji, hapo mambo hubadilika!

Tatu ni mahali penyewe. Chukua Northfield, Minnesota, mji wa watu wapatao 20,000 wenye vyuo viwili vizuri. Carleton inaruhusu pombe kwa waliotimiza umri. St. Olaf, iliyoanzishwa na Walutheri wa asili ya Norwei, imejulikana kwa miaka mingi kwa kukataza pombe chuoni, hata kwa mwenye miaka 21. Marufuku haimalizi ulevi, watu hutoka nje au hujifungia, lakini inabadilisha kinachohesabika kuwa kawaida: kwaya za St. Olaf zina watu wengi Ijumaa usiku kuliko unavyodhani. Januari inafika nyuzi 20 chini ya sifuri, hakuna anayezurura, kila kitu kinahamia ndani. Lakini Minneapolis na St. Paul ziko mwendo wa kama saa moja kwa gari, na huko kuna Wakenya na Wasomali wengi, misikiti, makanisa ya Kiswahili na nyama choma. Macalester yenyewe iko ndani ya St. Paul, ni basi tu. Swarthmore ina kituo cha treni ya Philadelphia miguuni pa chuo. Grinnell imezungukwa na mashamba ya mahindi na Des Moines ni kama saa moja. Bila rafiki mwenye gari, chuo ndicho mji wako. Hapo uliza chuo chenyewe hulipia nini wikiendi: filamu, matamasha, safari, chakula cha usiku.

Hatua ya 5: Waulize wanafunzi, na uulize vizuri

Ofisi ya udahili itakuunganisha na mwanafunzi ikiombwa, ila huyo amechaguliwa. Tafuta mwingine kupitia chama cha wanafunzi Waafrika au mtu aliyesoma shule yako. Usiulize kama kuna pati nyingi, utajibiwa "kawaida tu". Uliza kilichotokea:

"Dada, habari za masomo? Samahani kwa usumbufu. Ijumaa iliyopita kuanzia saa moja jioni mpaka ulipolala ulifanya nini? Na mwenzako wa chumba je? Mara ya mwisho ulipokataa kwenda mahali, ulibaki na nani?"

Swali la mwisho ndilo linalonipa majibu. Akitaja majina matatu bila kufikiri, chuo kina nafasi kwa wasiokunywa. Akianza kueleza kwamba yeye ni mtu wa kukaa peke yake, nisikilize nini tena?

Familia za Pwani na Visiwani huuliza mambo mengine, na ni haki yao: mahali pa kuswali, chakula halali wakati wa Ramadhani ukumbi ukiwa umefungwa, bweni la wasichana peke yao, na kama bafu ni la mchanganyiko. Kwenye vyuo hivi bafu la mchanganyiko ni jambo la kawaida. Ulizeni wazi, kwa maandishi.

Hatua ya 6: Pima

Mwisho wa kujibu kwa vyuo vingi ni Mei 1. Aliyeomba kwa utaratibu wa kujifunga mapema, ule wa Novemba, hana tena cha kulinganisha, kwa hiyo hatua zote hizi afanye kabla ya kuomba.

Fedha hutangulia, haina mjadala. Chuo kinachowaacha na pengo la dola elfu nane kila mwaka kitakufanya ukose raha kuliko pati yoyote. Baada ya fedha mimi huweka idara ya fani yako, kisha Ijumaa usiku, kisha mji, na orodha ya U.S. News nyuma kabisa, pale viwili vikilingana. Kuna watakaosema nashusha sana sifa, kwamba mwajiri wa Nairobi au Dar es Salaam anataka jina. Huyo mwajiri mara nyingi hajui hata Williams. Atakachotazama ni shahada inayotambulika, na chuo chenye ithibati inayotambulika Marekani kwa kawaida hupita kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Shule za uzamili za Marekani zinavijua vyote hivi, na huangalia matokeo na barua za walimu waliokufundisha ukiwa darasa la watu kumi na wawili.

Usijumlishe alama kwenye jedwali kana kwamba "masomo 9" na "pati 4" ni vitu vya mzani mmoja. Tafuta kasoro ambayo huwezi kuishi nayo. Mtu mchangamfu, mwenye msimamo, anaweza kukaa chuo chenye fratiniti na akapata marafiki kwenye kwaya au maabara. Mtu mwepesi wa kufuata kundi asiende mahali ambapo kundi ni moja tu, hata kama chuo ni cha tano nchini. Hapo mzazi ana sauti, kwa sababu anamjua mtoto wake.

Hatua ya 7: Baada ya kukubali, fomu ya bweni

Fomu hii huja Mei au Juni na watu huijaza kwa dakika tano. Ijaze kwa makini. Vyuo vingi vina ghorofa au bweni la wasiotumia pombe na dawa. Chagua hilo mwaka wa kwanza hata kama unajiona ngangari. Mwaka wa pili unaweza kuhama, lakini kuhamia humo katikati ya muhula ni kazi. Palipo na swali la saa za kulala, sema kweli.

Kabla hujaondoka nyumbani soma kanuni inayomlinda anayeita msaada. Vyuo vingi havimwadhibu mwanafunzi aliyempigia simu mlinzi kwa ajili ya rafiki aliyelewa kupita kiasi, hata kama mpigaji naye alikunywa. Mtu asiyeamka ukimtikisa, anayepumua polepole au mwenye midomo ya samawati ni wa 911, namba ya dharura, asiachwe alale.

Wiki sita za kwanza ndizo nzito, pati nyingi na wageni kwa wageni, na matukio mengi ya unyanyasaji wa kingono hutokea kipindi hicho cha mwanzo wa mwaka. Weka ratiba ya wikiendi mapema: kazi ya chuo ya Jumamosi asubuhi, inayohesabika ndani ya saa 20 za wiki ambazo F-1 inaruhusu, ni sababu ya kulala ambayo hakuna anayekubishia.

Mambo yakienda kombo kabisa, kuhama chuo kunawezekana. Ombi la kuhama kwa muhula unaoanza Agosti au Septemba huwa mwezi Machi, na fedha za wageni wanaohama ni chache, hivyo anza kuuliza Desemba. Usiache masomo kwanza ndipo utafute chuo. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni ukiwa bado umesajiliwa, mpange tarehe ya kuhamisha rekodi yako ya SEVIS, kisha chuo kipya kikupe I-20 mpya, fomu inayothibitisha nafasi yako kwa uhamiaji.